Shajara ya mradi: kima kukaa juu ya papa

2 Juni

Leo nimefungua shoti ya 12, yaani kipande cha 12 cha filamu yetu. Kwa anayeanzia hapa: tunatengeneza katuni fupi ya kisa cha kima na papa, kile ambacho bibi zetu wa pwani walikijua kwa moyo. Mkuyu umeinamia bahari, kima anakula makuyu na mengine anamtupia papa, urafiki unakolea, papa anamwalika kwao. Wakiwa katikati ya maji papa anatoboa siri: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba wao wakitembea mioyo yao huiacha mitini, kwa hiyo warudi wakaichukue. Habari ya punda wa dobi, ambayo kima huisimulia mwishoni, tumeiruka. Hatuna mikono ya kuchora punda.

Tuko watatu. Dada mchoraji yuko Unguja, anachora mandhari na wahusika kwenye Krita, programu ya kuchorea. Kijana wa kuwatembeza wahusika yuko Dar. Mimi niko Tanga na kazi yangu ndiyo ya mwisho: kupokea vipande vya wenzangu na kuvishona viwe shoti moja ndani ya Blender, programu ya kutengenezea katuni. Mjini huku wakiniuliza kazi gani hiyo, nasema ufundi cherehani wa picha. Kitambaa kimekuja kimekatwa, mimi nashona.

Shoti ya 12 ndiyo ile ya safari. Sekunde 9, yaani fremu (picha moja moja) 216 kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde. Kima kakaa mgongoni mwa papa, nusu ya papa imezama, wanaelekea bahari kuu na bado hakuna aliyesema neno baya. Folda imekuja na leya 11, matabaka ya picha ya kulazwa moja juu ya jingine: anga, mawingu mafungu mawili, pwani ya mbali, bahari ya nyuma, bahari ya mbele, papa, kima, mkia wa kima (uko peke yake maana unacheza kwa mwendo wake), povu, na ndege. Nikazipanga kwa mfuatano wake, nikabonyeza kucheza. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Mjomba, kima amebandikwa."

Na kweli amebandikwa. Kila kitu kipo mahali pake, michoro ni mizuri, lakini kima yuko juu ya papa kama stika iko juu ya friji.

4 Juni

Kabla sijagusa stika, ujumbe wa sauti kutoka Unguja. Dakika mbili, nusu yake kuvuta pumzi. "Kaka, mkuyu wangu umeufanya nini? Umechujuka kama kanga ya kudekia."

Nilikuwa nimemtumia picha moja ya shoti ya 3, ambayo mimi niliihesabu imekwisha. Nimeweka mchoro wake na fremu yangu sambamba kwenye kioo. Ana haki. Kijani chake kimeingia jivu, na weupe wa mawingu umekuwa maziwa yaliyotiwa maji.

Nimezunguka nodi zote, vile visanduku vya Blender ambavyo kila kimoja kina kazi yake kwenye picha, kumtafuta mwizi wa rangi, kumbe hayumo humo. Blender kuanzia toleo la 4.0 hufungua faili jipya la kawaida rangi zikiwa zinaonyeshwa kupitia AgX, mojawapo ya namna zake za kuonyesha rangi. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya picha za 3D, ambako jua linaweza kuwa kali kupita ukuta mara nyingi sana. Kazi yake ni kuubana mwanga mkali na kuupunguzia ukolezi ili usikatike ghafla ukawa doa jeupe. Mchoro wa mkono hauna tatizo hilo. Mchoraji amekwisha chagua kila rangi kwa jicho lake, na AgX ikaja kubana kisichotaka kubanwa. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya rangi na kuchagua Standard. Mkuyu ukarudi palepale.

Kinachouma si hicho. Kinachouma ni kwamba wiki mbili nzima nilikuwa nafidia bila kujua. Shoti hii nimeongeza ukolezi, ile nimekaza giza, nyingine nimetia njano, kila moja kwa kipimo chake na kwa hali ya macho yangu siku hiyo. Sasa rangi zimekaa sawa na fidia zote zimegeuka sumu. Nimezing'oa moja moja katika mafaili matano. Jioni yote imekwenda huko.

5 Juni

Wino. Kima akiwa mbele ya anga ana mstari mwembamba mweusi kumzunguka. Dada anaapa hakuchora mstari, na ukitazama faili lake kweli haumo.

Nimekuza bega la kima mara nane. Kati ya manyoya na anga kuna pikseli (nukta ya picha) moja, mahali pengine mbili, ambazo ni nyeusi kuliko manyoya na ni nyeusi kuliko anga. Hapo ndipo niliposhtuka. Rangi iliyo njiani kati ya mbili haiwezi kuwa nyeusi kuliko zote mbili. Basi ni hesabu, si mchoro.

Kila pikseli ya leya ina namba nne: nyekundu, kijani, buluu, na alfa, ambayo inasema pikseli hiyo imejaa kiasi gani. Ndani ya mwili wa kima alfa ni 1, nje ni 0, ukingoni iko katikati. Namna ya kulaza kitu juu ya kingine iliandikwa vizuri mwaka 1984 na Thomas Porter na Tom Duff, na hadi leo ndiyo inayotumika: chukua rangi ya juu ikiwa imekwisha zidishwa kwa alfa yake, kisha ongeza rangi ya chini uliyoizidisha kwa kilichobaki.

Manyoya ya bega tuseme ni 0.6 na anga ni 0.8. Pikseli ya ukingoni ina alfa 0.5. Manyoya mara nusu ni 0.3, anga mara nusu ni 0.4, jumla 0.7. Iko katikati, jicho halioni mshono. Mimi nilikuwa nimeweka tiki kwenye kisanduku cha kubadilisha alfa, kinachozidisha rangi kwa alfa yake, katika kila nodi ya Alpha Over, ile inayolaza leya juu ya leya, eti kwa usalama, na huku Blender ilikwisha zidisha yenyewe ilipofungua faili la picha la PNG. Ile 0.3 ikazidishwa mara ya pili ikawa 0.15. Ongeza 0.4 unapata 0.55, chini hata ya manyoya yenyewe. Huo ndio wino, na aliyeuchora ni mimi.

Nimetoa tiki kumi. Mstari umetoweka kila mahali isipokuwa kwenye mkia, ambao una kasoro ya kinyume, ukingo mweupe. Huo si wa hesabu. Mkia ulichorwa juu ya karatasi nyeupe kisha weupe ukafutwa, na chengachenga za karatasi zikabaki kwenye nywele. Nimemwomba dada auchore upya kwenye leya tupu. Amejibu "haya", ile haya ya Kizanzibari ambayo huwezi kujua kama ni ndiyo au ni ondoka mbele yangu.

9 Juni

Ilikuwa ndiyo. Mkia mpya umefika, msafi. Umefika pamoja na anga mpya ambayo hakuna aliyeiomba, na hapo tukagombana.

Anga yenyewe ni nzuri mno: jua jekundu linazama majini na mawingu yamewaka chini. Tatizo langu ni kwamba kima na papa wanatoka ufukweni asubuhi. Nikamwambia, dada, jua haliwezi kuzama mbele yao, huko ndiko linakotoka. Akanicheka. Yeye amekulia mjini Unguja, ukikaa Forodhani jioni jua linakuzamia majini mbele ya macho. Mimi Tanga jua linachomoza baharini na kwenda kulala nyuma ya Usambara. Kila mmoja wetu anajua kwa yakini jua linafanya nini baharini, na wote wawili tuko sahihi.

Kisa hakisemi mkuyu ulikuwa pwani ipi. Kilichotuamua ni hadithi yenyewe: wakienda, jua liwe mbele yao, wakirudi, liwe mgongoni. Mtazamaji atajua wamegeuka kabla hajaona uso wa papa. "Basi mie nimeshindwa na Tanga," akasema, akalipandisha jua na kulitoa wekundu. Ila amedai ile anga ya machweo iende shoti ya 19, na sitabishana, hata kama mkuyu utakuwa umehama nchi.

Jua kuwa mbele kumebadilisha kazi yangu. Wanakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, jua liko kulia na liko chini. Kifua na uso wa kima vinapata ukingo wa mwanga, mgongo unaingia gizani. Na anga yenye mwanga mkali haikai nyuma ya kitu kwa adabu, humwagikia ukingo. Nimeichukua anga, nikaitia ukungu mpaka ikapoteza sura, nikaikata ibaki ndani ya ukingo wa kima tu kwa upana wa pikseli 6, nikaiongeza juu yake kwa asilimia 30. Ukiiwasha na kuizima huoni nini kimebadilika, unaona tu kwamba ikizimwa kima anarudi kuwa karatasi.

Bado amebandikwa, lakini sasa amebandikwa chini tu.

11 Juni

Leo sikuwasha kompyuta. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa Raskazone, ufukweni hapa Tanga, nimekaa juu ya jiwe, natazama ngalawa. Upepo wa kusi umeshaingia na maji hayatulii, ndivyo nilivyotaka.

Mzee mmoja alikuwa anapaka ngalawa yake sifa, yale mafuta ya papa, harufu ikimtangulia kutoka mbali. Nikamwamkia, akaitika, akaendelea kupaka. Baada ya muda akaniuliza, "Unatazama nini, mwanangu?"

"Pale maji yanapogusa ubao, mzee."

"Hapo ndipo chombo huoza."

Nimeandika hivi kwenye simu, nikiwa palepale:

Hakuna mstari. Mahali maji yanapokutana na ubao panapanda na kushuka muda wote, na hapapandi pamoja: mbele kumepanda, nyuma bado kunashuka.

Juu ya maji kuna ukanda wa giza, upana wa kiganja, ubao uliolowa. Maji yakishuka ukanda unabaki. Hilo ndilo linalokuambia chombo kimo ndani ya maji, kuliko hata maji yenyewe.

Chini ya maji ubao hauishi ghafla. Unaonekana kidogo, unaingia ukijani, unavunjikavunjika, unapotea.

Povu haliko kila mahali. Liko kwenye gubeti, ncha ya mbele ya chombo, na pale mirengu, zile mbao za pembeni, inapopiga maji, basi. Sisi tumelichora povu limemzunguka papa mzima kama kola ya shati.

Na la mwisho limenichekesha. Kiswahili chetu cha kila siku huita kivuli vitu viwili: lile giza analolitupa mtu akiwa juani, na ile sura yake anayoiona majini. Nikirudi kwenye faili langu, nimevifanya kitu kimoja kweli! Nimechukua umbo la kima, nikalipindua, nikalitia weusi, nikaliweka juu ya maji, nikaridhika. Giza hufuata jua liko wapi. Sura ya majini hufuata macho yako yako wapi. Ngalawa ya mzee ilikuwa nayo yote mawili na yalikuwa yameelekea pande tofauti.

14 Juni

Papa mmoja nimemfanya watatu.

Wa kwanza yuko juu ya maji, mkavu, kama alivyochorwa. Wa pili ni ukanda uliolowa, pikseli 14 juu ya usawa wa maji, rangi yake imezidishwa kwa 0.7 ili iwe nzito bila kuwa nyeusi. Wa tatu yuko chini: rangi inavutwa kuelekea rangi ya bahari, anafifia mpaka kupotea ndani ya pikseli 120, na umbo lake linasukwasukwa pikseli 4 huku na huko ili avunjike kama ubao wa mzee ulivyovunjika. Wote watatu wanakatwa na maski moja tu. Hiyo ni picha nyeusi na nyeupe ambayo ukingo wake unapanda na kushuka kama mawimbi, na nimeichelewesha upande wa mkia fremu 10 ili mbele na nyuma visipande pamoja. Ukiibadilisha maski, mkavu, aliyelowa na aliyezama wote wanafuata. Kabla ya hapo nilikuwa na maski tatu na kila moja ilikuwa na akili yake.

Povu nimelifuta robo tatu. Limebaki kwenye pua, kwenye pezi la mgongo, na uzi mwembamba nyuma.

Halafu makalio ya kima. Nimeweka kivuli cha mgusano, giza jembamba kabisa pale anapokaa, kisha kivuli chake cha kawaida kinachotambaa juu ya mgongo wa papa kwenda kushoto. Rangi ya vivuli hivyo nimeinyonya kutoka kwenye anga yenyewe, buluu iliyozama. Kivuli cheusi tii mchana wa pwani hakipo. Anga yote ile inakimulika.

Nimemwita mpwa. Ametazama mara mbili.

"Papa amelowa. Kima bado."

Nimeongeza matone mawili kwenye paja na ncha ya mkia imeingia giza la kulowa. Mshahara wa mkaguzi huyu ni ubuyu.

17 Juni

Picha ikisimama, kima amekaa. Picha ikitembea, anateleza. Makalio yanasogea juu ya mgongo wa papa kiasi cha pikseli mbili, yanarudi, yanasogea tena, kama mtu kwenye kiti cha daladala kilicholegea.

Nimeipitia fremu kwa fremu. Kijana wetu wa Dar anamchora kima mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, michoro 12 kwa sekunde, kama wachoraji wengi wa katuni za mkono wafanyavyo. Papa yeye hachorwi upya, ni mimi ninayemnesanesa kwa programu, na programu inamsogeza kila fremu. Kwa hiyo fremu ya kwanza wanapanda pamoja, ya pili papa anapanda na kima anabaki, ya tatu kima anaruka kumfikia.

Nikampigia kijana. Yeye, kwa upole wa kijana anayezungumza na kaka yake, akasema, "Bro, mimi kima nimemchora amekaa. Kupanda na kushuka ulisema utaweka wewe." Nilisema. Kumbe nilikuwa nimemnesesha kima peke yake kwa mkono ili alingane na michoro yake, na papa peke yake.

Sasa wote wawili wamefungwa kwenye kiongozi mmoja asiyeonekana. Kiongozi akipanda, wanapanda. Na kiongozi mwenyewe nimemfanya asogee kila fremu ya pili, ili viumbe vyote viwe na mapigo yaleyale. Maji nimeyaacha yaende fremu zote 24. Nilihofu vitagombana, lakini havigombani. Maji hayana mifupa, na jicho linayaruhusu kutiririka huku kiumbe kikipiga hatua.

Hili ndilo lililokuwa stika. Si rangi wala ukingo, ingawa hayo yalisaidia. Siku kumi na tano nimekuwa nikimtengeneza kima, kisha nikamtengeneza papa, na tatizo lilikuwa kwenye pikseli mbili katikati yao ambazo hazikuwa za mtu.

18 Juni

Umeme umekatika fremu ya 143 ikiwa imekwisha. Nashukuru siku hizi narenda, yaani naiachia kompyuta itoe picha za mwisho, fremu moja moja kama picha, sirendi video moja kwa moja. Uliporudi nimeanzia 144. Video ingekwenda yote.

Diski inalia. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, namba nne kwa kila pikseli, na kwa OpenEXR, aina ya faili la picha, ya biti 16 hiyo ni karibu megabaiti 16.6 kabla ya kubanwa. Mara 216 ni gigabaiti 3.6 kwa leya moja. Nimebakisha EXR kwa maji na mwanga tu, ambako namba huzidi 1 na PNG ingezikata. Vingine vyote PNG.

21 Juni

Sura ya kima majini. Nimepoteza siku mbili kwa kosa la kipuuzi kiasi kwamba nasita kuliandika.

Nilimpindua kima kuanzia anapokaa. Matokeo yake, sura yake ikaanzia chini ya makalio yake, juu ya mgongo wa papa, ikateremka hadi majini. Ilionekana kama kima wa pili ananing'inia kwa miguu. Nikajaribu kuishusha kwa macho, nikaisogeza, nikaikata, kila mara kuna kitu hakikai.

Kioo ni maji, si papa. Kupindua kunaanzia usawa wa maji. Kwa hiyo kwanza nimeunganisha mgongo wa papa, kima na mkia viwe picha moja, ndipo nikaipindua yote kwa pamoja pale maji yanapoanzia. Sasa majini unaona kwanza mgongo wa papa, kisha chini zaidi kima, kichwa kikiwa mbali kabisa na karibu na ukingo wa chini wa skrini. Nimeizidisha kwa 0.6, nikairaruararua kwa maski ileile ya mawimbi. Kipande kinaonekana, kipande hakionekani. Ukisimamisha picha huwezi kuapa kwamba ni kima.

Kivuli cha jua juu ya maji nimekitoa karibu chote. Kwa kusi hili kisingeonekana.

24 Juni

Kina. Mambo ya kale kuliko kompyuta: Lotte Reiniger huko Ujerumani miaka ya 1920 alikuwa akipanga vioo kwa matabaka chini ya kamera yake, kitu cha mbele kioo hiki, cha nyuma kioo kile, na studio ya Walt Disney mwaka 1937 ilikuwa inatumia kamera yao ya matabaka iliyokuwa ndefu kuliko kabati. Mimi naandika namba tu, na bado nilikosea.

Kamera inamfuata papa, hivyo yeye hasogei kwenye skrini, ulimwengu ndio unaopita. Mwendo wa maji aliyomo papa ukiuhesabu 100, mawimbi ya mbele yanapita kwa 130, bahari ya nyuma 35. Pwani ya mbali nilikuwa nimeipa 20 na ilionekana inakimbia sambamba nao, kama mtoto anayefukuza basi. Nimeishusha hadi 4. Mawingu 1, jua 0.

Kisha nimeipunguzia pwani ukolezi na kuivuta kuelekea rangi ya anga, maana hewa iliyojaa chumvi hula rangi za mbali. Hili dada hakulipenda, mikoko yake ilikuwa na majani. Nimemwachia majani kwenye shoti ya 2, ambako tuko karibu.

Ndege nimewafuta. Walikuwa wazuri, lakini kila mtu alikuwa akiwatazama wao.

27 Juni

Shoti ya 12 imerendwa yote. Sekunde 40 kwa fremu, fremu 216, saa mbili na dakika 24, na umeme ukawa na huruma.

Nimewatumia wenzangu saa tatu usiku. Kijana wa Dar amerudisha vidole gumba vitatu. Dada ametuma ujumbe wa sauti wa sekunde nne: "Mkia umekaa." Kisha mwingine, mrefu zaidi, kuhusu mikoko.

Mpwa ametazama asubuhi kabla ya shule, amesimama palepale nyuma ya kiti, ubuyu mkononi. Safari hii hakusema kitu kuhusu kima. Alitaka kujua papa anaitwa nani. Hatujampa jina, nikamwambia. Akaona hiyo si sawa.

Baada ya yeye kuondoka nimeitazama tena mara kama kumi, na mara ya saba au ya nane nikaona kitu kinapepesa karibu na pezi. Fremu ya 131 haina povu. Limo kwenye 130, limo kwenye 132, hapo katikati halipo. Kwenye folda ya povu faili hilo lina baiti sifuri, nadhani ni lile lililokuwa linanakiliwa diski ilipojaa. Nimelichukua tena kutoka kwa dada na kurenda fremu ya 131 peke yake. Sekunde 40.